Duka la Wengi: Maneno kwa Wafanyakazi wa Migodi na Watu wa Mji wa Uvira



Nimeitwa kusema mbele yenu juu ya jambo moja tu, nalo ni duka. Sitasema juu ya bendera wala juu ya uchaguzi. Najua wako watakaonong'ona: "Je, duka nalo ni neno la mkutano wa chama?" Ndugu zangu, ni neno la chama kabisa. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata haki ya kujitawala. Lakini mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake, naye hana pahali pa kukiweka ili watu wakione, atapangiwa bei na mwenye pahali. Huyo, hata kama anapiga kura, bado anaye bwana.

Tutazame mji wetu. Tangu Kavimvira mpaka Kalundu hakuna mtaa usio na fundi. Huyu anashona mashati na nguo za vitenge. Yule anageuza bati la zamani kuwa mbabula. Mama mmoja anapika sabuni ya mawese, mwingine anakausha ndagala, mwingine anauza unga wa muhogo wa bonde la Ruzizi. Wako waseremala wa vitanda na viti, wasukaji wa mikeka na vikapu, wafinyanzi wa vyungu. Kazi ipo, na ufundi upo. Lakini ingieni katika maduka ya mji mkatafute vitu hivyo. Mtaona sabuni ya ng'ambo, viti vya plastiki, na mashati yaliyovuka mpaka kutoka Bujumbura. Vitu vyetu viko wapi? Viko barabarani juu ya turubai, vinapigwa jua na vumbi; au viko nyumbani chini ya kitanda, vinangoja mnunuzi asiyejua kama vipo.

Kwa nini iwe hivyo? Tufanye hesabu pamoja. Nataja bei kwa mfano tu, na kila mtu aweke bei ya mtaa wake. Tuseme chumba kizuri kando ya barabara kinapangishwa kwa dola 60 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 6. Maana yake, kabla hujauza hata kipande kimoja cha sabuni, unatoa dola 360. Mama wa sabuni atazitoa wapi? Akizikopa, riba itamla. Lakini wakiingia watu 12 katika chumba kile kile, kila mmoja atatoa dola 30 za garanti na dola 5 kwa mwezi. Hizo zinapatikana. Hata likelemba ya mtaani yaweza kuzitoa.

Faida hiyo kila mtu huiona upesi. Iko nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni siku za kazi. Fundi mwenye duka la peke yake ana taabu mbili: akikaa dukani, hashoni, akishona, duka limefungwa. Akimwajiri mtu wa kuuza, mshahara unameza faida. Sasa watu 12 wakikaa wawili wawili kwa zamu, na Jumapili wakapumzika, kila mmoja atakaa dukani siku 1 tu kwa juma. Siku 5 zinazobaki ni za mashini ya kushona, nyundo na chungu. Na mnunuzi naye anafaidika, kwa sababu aliyekuja kutafuta shati anaona mbabula, na aliyekuja kwa sabuni anakumbuka kwamba mkeka wa nyumbani umechakaa. Mteja wa mmoja anakuwa mteja wa wote.

Ndugu zetu wa migodi watapenda kusikia kwamba duka la wengi lenye sifa kuliko yote duniani lilianzishwa na wafanyakazi maskini. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, watu 28, wafumaji wa nguo na mafundi wengine, walichanga senti kidogo kidogo mpaka wakapata pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka katika nyumba ya kupanga. Bidhaa zao zilikuwa chache mno: siagi, sukari, unga na mishumaa. Lakini sheria zao zilikuwa na nguvu. Mizani iwe ya haki. Bidhaa ziwe safi, zisizochanganywa na takataka. Hakuna kuuza kwa deni. Na kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka pesa nyingi au kidogo. Duka lile lilikuwa la wanunuzi. Letu litakuwa la watengenezaji. Lakini sheria zile zatufaa sisi kama zilivyowafaa wao.

Duka la watengenezaji tunalikuta karibu zaidi, huko Mombasa. Wakamba wa Kenya ni wachongaji wa sifa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa kuuza alipokuwa Tanganyika katika vita vya 1914 hadi 1918, na aliporudi kwao akawafundisha wengine. Mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa waliunda ushirika wao Changamwe. Nyuma wako vibandani, wanachonga bega kwa bega. Mbele pana chumba kikubwa cha kuuzia. Kila kinyago kina namba ya mwenyewe. Mgeni anayenunua twiga wa mti hana haja ya kuuliza ni wa nani, maana daftari linajua. Mwenye namba anapata pesa zake, na ushirika unabakiza sehemu kwa gharama za nyumba. Ndugu, angalieni namba ile ndogo. Ndiyo inayozuia ugomvi. Penye namba na daftari, hakuna anayesema, "Kitu changu kimepotea."

Lakini sikuja kuwaambia mazuri tu. Yako maduka ya wengi yaliyokufa, na yafaa tujue yaliuawa na nini.

Wazee mnakumbuka tarehe 30 Novemba 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatachukuliwa yawe mali ya wananchi. Watu wengi walishangilia, na haki yao, kwa sababu tangu wakati wa Wabeleji maduka makubwa ya mji yalikuwa ya wageni, na mwenyeji aliuzia chini sokoni. Lakini nani aliyepewa? Si fundi, si mama wa sokoni. Walipewa wakubwa na rafiki zao. Wengi wao waliuza vilivyokuwa rafuni, wakatumia pesa, wasilete bidhaa nyingine. Rafu zikabaki tupu, na bei zikapanda. Mwaka 1976 serikali ile ile ilikuwa ikiwarudishia wageni mali waliyonyang'anywa. Fundisho ni hili: duka likipewa mtu asiyelitolea jasho, atalila kama mbuzi wa sadaka. Duka la wengi lazima liwe la wale wanaotengeneza vitu vinavyouzwa ndani yake.

Fundisho la pili linatoka Dar es Salaam. Huko wauzaji wadogo wa barabarani huitwa wamachinga. Wakubwa wa jiji, kwa mkopo wa shirika la NSSF, waliwajengea jumba la ghorofa pale Ilala, liitwalo Machinga Complex. Lilikamilika karibu na mwaka 2010, likiwa na vizimba vya maelfu ya watu. Lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, na deni la mkopo likazidi kukua. Kwa nini? Wamachinga walisema wateja wako barabarani, si kwenye ghorofa ya juu. Jumba lilikuwa zuri, lakini njia ya mnunuzi haikupita mlangoni pake. Basi sisi tusianze na jumba. Tuanze na chumba kimoja pahali ambapo watu wanapita tayari: karibu na soko, au kando ya ile barabara kubwa inayotoka Bukavu, ikapita kwetu na kwenda Baraka na Fizi. Mchimba dhahabu anayeteremka kutoka Misisi hupita njia hiyo hiyo, naye ana pesa mfukoni.

Hapa Uvira pahali pana jambo lingine pia. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za Kavimvira na Kalundu. Kodi ya chumba kilicho kando ya mto au ufukoni ni rahisi, lakini kodi nyingine utailipa siku ya mvua. Tupange pahali palipoinuka, hata kama ni kwa dola chache zaidi.

Fundisho la tatu tuliliona kwa macho yetu ng'ambo ya ziwa. Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Mashini za kuzima moto hazikutosha, hata Rwanda ikaleta ndege zake za helikopta kusaidia. Wauzaji kwa maelfu walipoteza bidhaa. Wako waliokuwa wameacha na pesa zao mle mle, na wako waliobaki na deni la benki kwa mali iliyokuwa majivu. Wafanyabiashara wa Uvira nao walikuwa wakinunua pale, hivyo hasara ilivuka mpaka. Tena mji wetu una taabu zake: vita viliingia hapa mwaka 1964, mwaka 1996, mwaka 1998, na tena Desemba 2025. Kwa hiyo nasema: pesa zisilale dukani hata usiku mmoja. Bidhaa nazo zisiwe zote pahali pamoja. Fundi aweke dukani vitu vya kuonyesha na vya kuuza kwa juma moja, vingine vikae kwake. Na daftari liwe na nakala yake katika nyumba nyingine. Moto ukila duka, usile na hesabu.

Sasa niseme jinsi ya kuliendesha, maana ugomvi wa duka la wengi hauanzi kwa mambo makubwa. Huanza kwa maneno kama haya: "Kwa nini vitu vyake viko mbele na vyangu nyuma?"

Kwanza, juu ya malipo. Tukitoza kila mtu kodi sawa tu, mfinyanzi ambaye chungu chake ni cha bei ndogo ataonewa. Tukitoza sehemu ya mauzo tu, yuko atakayejaza rafu kwa vitu visivyouzika, maana havimgharimu kitu. Basi tuchanganye: kila mmoja atoe kodi ndogo ya pahali, na juu yake sehemu ya kila kinachouzwa, tuseme franka 10 katika kila franka 100. Pesa hizo zilipe patenti, taa, kufuli na mlinzi, na zinazobaki ziwe akiba ya siku mbaya.

Pili, juu ya pahali pa mbele. Rafu ya mlangoni iwe ya zamu, kila mwezi watu wengine. Kitu kilichokaa miezi 3 bila kununuliwa, mwenyewe akichukue akatengeneze kingine.

Tatu, juu ya ubora. Wanachama wachague watu 3 wa kutazama kila kitu kabla hakijapata namba. Mshono ukiwa mbaya, shati lirudi. Si kumwaibisha mtu. Mbabula moja inayopasuka wiki ya kwanza hulipa duka zima jina baya.

Nne, juu ya ufunguo na pesa. Anayeuza asiwe anayeandika, na anayeandika asiwe anayepeleka pesa. Kila jioni wale wawili wa zamu wahesabu pamoja na kutia sahihi. Asiyejua kuandika atie kidole. Kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Nanyi mniruhusu niseme jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulisema: chama kisishike ufunguo huu. Wala chifu asiushike, wala mkubwa wa komini. Waje kama wanunuzi, walipe kama wengine.

Tano, hakuna deni. Najua ni vigumu kumnyima jirani. Lakini ninyi wa migodi mwajua deni ni nini. Mchimbaji anakula kwa deni, ananunua chepeo kwa deni, na dhahabu ikipatikana inakuwa ni ya mdai kabla haijaoshwa. Tusijenge mlango mwingine wa utumwa ule ule.

Wako watakaosema: "Ushirika tuliuona. Watu walikula pesa zetu." Ni kweli, wengi mmeliwa. Lakini aliyekula alikula kwa sababu daftari lilikuwa moja, lilikuwa kwake, na hakuna aliyedai lisomwe. Dawa yake si kukaa kila mtu peke yake juu ya turubai lake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Dawa ni kuanza wachache, watu wanaojuana, na kusoma hesabu mara kwa mara.

Sheria haituzuii. Wabeleji wenyewe, tarehe 24 Machi 1956, waliandika amri ya kuruhusu ushirika, ambao wengi hapa huuita koperative. Siku hizi nchi yetu imo katika sheria za OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya ushirika inasema watu 5 wanatosha kuunda ushirika mdogo, na kila mmoja ana kura moja. Watu 5, ndugu zangu! Likelemba gani isiyo na watu 5?

Na mama zetu wasikie hili vizuri. Zamani mwanamke aliyeolewa alitakiwa kupata ruhusa ya mume kabla hajatia sahihi mkataba wowote. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile; sasa mume na mke wanapatana kama watu wawili wazima. Wengi wa wanaouza na kutengeneza vitu katika mji huu ni wanawake. Duka ambalo majina ya wanaume yako katika karatasi na wanawake wako kwenye zamu si duka la wengi. Jina la mama liwe katika daftari, na kura yake ihesabiwe.

Mwisho nawageukia wafanyakazi wa migodi. Mtauliza, hili linatuhusu nini sisi tunaoshinda mashimoni? Linawahusu sana. Mgodi una mwisho. Wazee wa Kamituga wanakumbuka kompani ya SOMINKI. Ilipokufa katika miaka ya 1990, mishahara ilikufa nayo. Hapa kwetu, kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliposimama katika vita vya 1996, kila nyumba ya bonde ilijua. Shimo likifungwa, au kifua kikichoka kwa vumbi, mtakula nini? Nyuma yenu yuko mke anayejua kushona, yuko mtoto anayejifunza useremala. Dola 30 za garanti kwa mchimbaji aliyepata siku nzuri ni pesa za jioni moja ya pombe. Kwa mke wake ni pahali pa miaka. Na mnaponunua shati, ndoo au sabuni, nunueni kwanza iliyotengenezwa na mkono wa jirani, ikiwa ni nzuri. Ikiwa ni mbaya, mwambieni ukweli ili aitengeneze vema.

Nawaombeni kazi moja tu ya juma hili. Kila mtaa, watu watano wanaotengeneza kitu wakae pamoja jioni moja. Waandike majina yao, kila mtu aseme anatengeneza nini, vingapi kwa juma, na aweza kutoa kiasi gani kwa mwezi. Kisha watembee barabarani pamoja, watazame vyumba vilivyo wazi, waulize bei. Wasichange hata franka moja kabla hawajakubaliana nani ataandika, nani atahesabu, na siku gani hesabu itasomwa. Wakisha kukubaliana hayo, duka limekwisha kuanza, ingawa bado halina mlango.

Aliyesoma maneno haya na amsomee jirani asiyejua kusoma, kisha ampe karatasi mwingine.